Maswali na Majibu: Kurasa za Kategoria Katika Blogu ya WordPress

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinagusa jambo moja, nalo ni ule ukurasa ambao WordPress huutengeneza yenyewe kwa kila kategoria, ukikusanya makala zote za kategoria hiyo kuanzia iliyo mpya kabisa. Wasomaji wanataka ukurasa huo ufanane na kazi zao, na wengi wamekwama mahali palepale: wamejaribu kujenga ukurasa wa pili juu ya ule ambao tayari upo. Barua tumezifupisha, na majibu tumeyarefusha pale tu palipohitajika.

Swali: Ninaendesha blogu ya vitabu yenye kategoria tatu: tahakiki, mashairi na mahojiano. Ningependa tahakiki zionekane kama gridi ya picha za majalada, na mashairi yawe orodha ya majina tu, bila picha. Nimeelekezwa nihariri faili ya archive.php, lakini kila ninapoihariri kategoria zote hubadilika kwa pamoja, na hata kurasa za miezi na za waandishi huvurugika. Nifanyeje?

Jibu: Aliyekuelekeza kwenye archive.php hakukosea, ila amekupeleka kwenye faili pana mno. Mtu anapofungua ukurasa wa kategoria ambayo jina lake la anwani, yaani lile linaloonekana mwishoni mwa kiungo, ni tahakiki, WordPress hutafuta kiolezo, yaani faili inayopanga ukurasa, kwa mpangilio maalumu. Kwanza huangalia kama mandhari yako (theme, yaani kifurushi cha faili kinachoipa blogu sura yake) ina faili iitwayo category-tahakiki.php, isipoiona, hutafuta faili yenye namba ya kategoria hiyo, tuseme category-7.php, ikikosekana hiyo nayo, hutafuta category.php, kisha archive.php, na mwisho kabisa huangukia index.php. Faili ya kwanza kupatikana ndiyo inayotumika, na utafutaji huishia hapo. Kwa kuwa archive.php inahudumia pia kumbukumbu, yaani kurasa zinazokusanya makala, za tarehe, za waandishi na za lebo, badiliko lolote ndani yake ni lazima lisambae kote huko.

Swali linalofuata kwa kawaida ni kama faili ipewe jina la anwani au namba. Jina la anwani linasomeka vizuri zaidi, lakini siku utakapolibadilisha kwenye dashibodi, faili itaachwa bila mwenyewe na ukurasa utarudia sura ya category.php bila kukupa onyo lolote. Namba haibadiliki hata ukibadilisha jina, ila kategoria hiyohiyo inaweza kuwa na namba 7 kwenye tovuti ya majaribio na namba 12 kwenye tovuti halisi. Mimi hupendelea jina la anwani, kwa sharti kwamba likishaamuliwa haliguswi tena.

Kazi hii usiifanye ndani ya folda ya mandhari uliyopakua, kwa sababu sasisho lijalo litaiondoa folda hiyo na kuweka nyingine mahali pake. Tengeneza mandhari tanzu: folda mpya ndani ya wp-content/themes, yenye faili ya style.css ambayo mstari wake wa Template unataja jina la folda ya mandhari mama. Kiolezo chochote utakachokiweka humo kitachukua nafasi ya kile cha mama chenye jina hilohilo. Faili ya functions.php ndiyo pekee isiyofuata kanuni hiyo, kwani zote mbili husomwa, na ile ya mandhari tanzu husomwa kwanza. Wanaonakili functions.php yote ya mandhari mama na kuibandika kwenye tanzu mara nyingi hukumbana na tovuti iliyozimika kabisa, kwa sababu vitendakazi vilevile vinatangazwa mara mbili.

Hata hivyo, kabla ya kuunda faili yoyote, fungua ukurasa wa kategoria kwenye kivinjari na utazame msimbo wake. Ikiwa mandhari yako imeandikwa kwa utaratibu, lebo ya HTML iitwayo body itakuwa na madaraja (class) kama archive, category, category-tahakiki na category-7. Hiyo ina maana kwamba gridi uitakayo inaweza kupatikana kwa mistari michache ya CSS, bila kugusa PHP hata kidogo:

body.category-tahakiki .site-main {
  display: grid;
  grid-template-columns: repeat(auto-fill, minmax(220px, 1fr));
  gap: 24px;
}
body.category-tahakiki .page-header,
body.category-tahakiki .pagination {
  grid-column: 1 / -1;
}

Majina ya madaraja kama .site-main na .page-header hutofautiana baina ya mandhari na mandhari, kwa hiyo tumia yale unayoyaona kwenye ukurasa wako. Kanuni ya pili inahitajika kwa sababu, bila hiyo, kichwa cha ukurasa na namba za kurasa vitageuka visanduku vya gridi na kukaa kando ya majalada. Zingatia pia neno body mwanzoni mwa kila kanuni. WordPress huipa kila makala moja moja daraja la kategoria yake, kwa hiyo ukiandika .category-tahakiki peke yake, kanuni yako inaweza kuzishika pia tahakiki zinazoonekana kwenye ukurasa wa mwanzo wa blogu, nawe utashangaa gridi imetokea wapi.

Kwa upande wa mashairi ningekushauri uunde faili, kwa sababu picha iliyofichwa kwa CSS huenda bado ikapakuliwa na kivinjari, na msomaji mwenye intaneti ya polepole akagharimia kitu asichokiona. Nakili archive.php kwenye mandhari tanzu, uiite category-mashairi.php, kisha uondoe mstari unaoita picha na ule unaoita muhtasari, ukibakiza kichwa cha shairi na kiungo chake.

Swali: Niliunda category-tahakiki.php, na ndani yake nikaandika WP_Query mpya, yaani ombi langu mwenyewe la makala kwa hifadhidata, inayoonyesha makala 6 kwa kila ukurasa. Ukurasa wa kwanza ni mzuri, wa pili na wa tatu pia, lakini nikibofya wa nne napata hitilafu ya 404 (ukurasa haupatikani), ilhali namba 4 imeandikwa pale chini. Nina tahakiki 23. Nimehifadhi upya mipangilio ya viungo vya kudumu kama nilivyoshauriwa, bila mafanikio.

Jibu: Umenipa tarakimu zote zinazohitajika, nami nakushukuru kwa hilo, kwa sababu jibu limo ndani yake. Tahakiki 23 zikigawanywa sita sita zinatoa kurasa 4. Lakini kwenye dashibodi, chini ya Mipangilio na kisha Usomaji, idadi ya makala kwa kila ukurasa bila shaka imebaki 10, ambayo ndiyo WordPress huanza nayo inaposakinishwa. Na 23 zikigawanywa kumi kumi zinatoa kurasa 3. Kwa hesabu ya faili yako ukurasa wa nne upo. Kwa hesabu ya WordPress haupo, na WordPress ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Ili uone ni kwa nini, fuata mtiririko wa ombi moja. Msomaji anapobofya kiungo kinachoishia na /page/4/, WordPress huisoma anwani hiyo na kutunga ulizo kwa hifadhidata: nipe makala za kategoria ya tahakiki, kumi kwa kila ukurasa, ukurasa wa nne. Hilo ndilo ulizo kuu. Majibu yakirudi matupu, uamuzi wa 404 hutolewa papo hapo, na baada ya hapo ndipo kiolezo huchaguliwa. Faili yako ya category-tahakiki.php, pamoja na WP_Query uliyoiandika kwa uangalifu, haijafunguliwa hata mara moja wakati hukumu inatolewa. Ndiyo maana kuhifadhi upya viungo vya kudumu hakukusaidia, kwani kanuni za anwani hazina kasoro yoyote.

Dawa yake ni kulibadilisha ulizo kuu lenyewe kabla halijatumwa. WordPress imeacha mlango kwa kazi hiyo, uitwao pre_get_posts. Weka haya kwenye functions.php ya mandhari tanzu:

add_action( 'pre_get_posts', function ( $query ) {
    if ( is_admin() || ! $query->is_main_query() ) {
        return;
    }
    if ( $query->is_category( 'tahakiki' ) ) {
        $query->set( 'posts_per_page', 6 );
    }
} );

Sharti la kwanza lina sehemu mbili na zote mbili ni za lazima. Ukiondoa is_admin, orodha ya makala kwenye dashibodi nayo itaanza kukatwa sita sita kila unapoichuja kwa kategoria hiyo. Ukiondoa is_main_query, maulizo madogomadogo ya pembeni, kwa mfano orodha ya makala mpya ambayo programu-jalizi fulani inaiweka kwenye upau wa kando, yanaweza kuguswa pia.

Baada ya hapo rudi kwenye category-tahakiki.php na uifute WP_Query yote. Acha kitanzi (msimbo unaopitia makala moja baada ya nyingine) cha kawaida cha have_posts na the_post, na chini yake uite the_posts_pagination. Makala zitakazoonekana ni zilezile, ila sasa hesabu ni moja, na ukurasa wa nne utafunguka ukiwa na tahakiki zako tano za mwisho. Tovuti nayo itapata nafuu kidogo, kwa sababu hapo awali hifadhidata ilikuwa ikiulizwa mara mbili na majibu ya mara ya kwanza yakitupwa.

Utakutana na ushauri wa kutumia query_posts kwa kazi hii. Uepuke. Kitendakazi hicho hulifuta ulizo kuu na kuweka jingine mahali pake wakati kiolezo tayari kinafanya kazi, kwa hiyo kinakurudisha kwenye tatizo lilelile, tena kikivuruga vitendakazi vingine vinavyotegemea ulizo la awali. Jihadhari pia na kigezo cha offset, ambacho watu hukitumia kuruka makala ya kwanza: kikishawekwa, WordPress huacha kuzingatia namba ya ukurasa, na kila ukurasa utaonyesha makala zilezile hadi uandike hesabu ya kuruka wewe mwenyewe.

Swali: Kichwa cha ukurasa wangu kinaandika neno la ziada mbele ya jina la kategoria, na ningependa libaki jina peke yake. Pia niliandika maelezo ya kategoria lakini hayaonekani popote.

Jibu: Neno hilo huongezwa na kitendakazi cha get_the_archive_title. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 kuna kichujio, yaani mlango wa kubadilisha kitu kabla hakijaonyeshwa, kinachohusika na neno hilo peke yake, na mstari mmoja kwenye functions.php unatosha:

add_filter( 'get_the_archive_title_prefix', '__return_empty_string' );

Mstari huo huliondoa kwenye kumbukumbu zote, zikiwemo za lebo na za waandishi. Ukitaka kategoria pekee, andika kitendakazi chako kinachouliza kwanza is_category. Usilifiche neno hilo kwa CSS, kwa kuwa programu zinazowasomea skrini wasioona na mitambo ya utafutaji zinaweza kuendelea kulisoma.

Kuhusu maelezo, WordPress huyahifadhi lakini kuyaonyesha ni hiari ya mandhari. Chini ya kichwa cha kiolezo chako ongeza the_archive_description, nawe uizungushie sharti la kwamba is_paged iwe si kweli, la sivyo aya zilezile zitarudiwa juu ya ukurasa wa pili, wa tatu na kuendelea. Usishangae ukiona picha au aya ulizoziandika kwa HTML zimetoweka baada ya kuhifadhi. Sehemu hiyo huchujwa na kubakiza lebo chache tu kama za viungo na maandishi mazito. Anayetaka picha kwa kila kategoria aihifadhi kama taarifa ya ziada ya kategoria, jambo ambalo WordPress imeliruhusu tangu toleo la 4.4, na kuisoma ndani ya kiolezo kwa get_term_meta.

Swali: Nimehamia mandhari ya bloku, yaani ile inayojengwa kwa vipande vya kupanga badala ya violezo vya PHP. Nilifungua faili ya templates/archive.html nikaihariri, nikafuta akiba ya kivinjari, nikaanzisha upya hata seva, lakini ukurasa wa kategoria haubadiliki. Jambo la pili ni la ajabu zaidi: kategoria zangu zote sasa zinaonyesha makala zilezile.

Jibu: Mambo hayo mawili yana chanzo tofauti, ingawa yamekufika kwa pamoja.

La kwanza ni hili. Kuanzia toleo la 5.9, lililotoka Januari 2022, violezo vya mandhari za bloku vinaweza kuhaririwa ndani ya dashibodi, kwenye Kihariri kilicho chini ya Mwonekano. Ukibadilisha chochote huko na kuhifadhi, badiliko haliandikwi kwenye faili, bali nakala ya kiolezo huwekwa kwenye hifadhidata, na kuanzia hapo nakala hiyo ndiyo inayotumika. Ni dhahiri kwamba wewe, au mwenzako anayeshika blogu hiyo, mliwahi kukigusa kiolezo hicho kupitia Kihariri. Faili unayoihariri sasa ni halali kabisa, ila hakuna anayeisoma. Fungua orodha ya violezo kwenye Kihariri, tafuta kile cha kumbukumbu, na kwenye menyu yake chagua kurejesha hali ya awali. Kabla ya kubofya, nakili msimbo wake na uuweke kando, maana urejeshaji huo unafuta kazi yote iliyofanyika humo.

La pili linatokana na bloku inayozungusha orodha ya makala. Bloku hiyo inaweza kufanya kazi kwa namna mbili. Inaweza kurithi ulizo la ukurasa ilipo, na hapo itafuata kategoria ambayo msomaji ameifungua, au inaweza kuwa na ulizo lake lenyewe ambalo umeliwekea masharti kwa mkono. Mtu anapoifuta bloku ya awali na kuingiza mpya kutoka kwenye maktaba ya mipangilio iliyo tayari, mara nyingi ile mpya huja na ulizo lake. Matokeo ni kwamba ukurasa wowote wa kategoria utaorodhesha makala mpya za blogu nzima. Ibofye bloku hiyo, angalia mipangilio yake upande wa kulia, na uirudishe kwenye hali ya kurithi. Utaona kwamba sehemu ya kuchagua idadi ya makala na mpangilio wake imetoweka, kwa sababu sasa hayo yanaamuliwa na mipangilio ya Usomaji, au na pre_get_posts kama nilivyomweleza msomaji mwenye tahakiki 23. Mlango huo unafanya kazi katika mandhari za bloku sawasawa na katika zile za zamani.

Ukitaka kategoria moja iwe na sura yake, huhitaji kuandika faili. Tangu toleo la 6.1 la Novemba 2022, unapoongeza kiolezo kipya cha kategoria Kihariri hukuuliza kama ni cha kategoria zote au cha moja unayoitaja. Wanaopenda faili wanaweza kuweka category-mashairi.html ndani ya folda ya templates, kwa mpangilio uleule wa majina nilioueleza mwanzoni, ila tahadhari ya hifadhidata inabaki palepale.

Swali: Kategoria ya mashairi ina kategoria ndogo mbili, tenzi na mashairi huru. Ukurasa wa kategoria kuu unachanganya kila kitu. Pia nilitegemea kategoria ndogo zingetumia category-mashairi.php, lakini hazitumii.

Jibu: Yote mawili ni tabia ya kawaida ya WordPress, nami nakiri kwamba yanapingana kidogo: kategoria kuu hukusanya makala za watoto wake, ilhali watoto hawarithi kiolezo cha mzazi.

Kuzuia mkusanyiko, ndani ya kitendakazi chako cha pre_get_posts, baada ya kuthibitisha kwamba ukurasa ni wa mashairi, weka category__in ikiwa na namba ya kategoria hiyo. Kigezo hicho, tofauti na cat, hakiwahesabu watoto. Lakini tafakari kwanza. Kama mashairi yako yote yamewekwa kwenye kategoria ndogo peke yake, ukurasa wa kategoria kuu utabaki mtupu. Ningekushauri uache mkusanyiko ulivyo, na juu ya orodha uweke viungo vya kategoria ndogo kwa wp_list_categories yenye child_of, ili msomaji achague mwenyewe.

Kurithisha kiolezo kunahitaji kichujio:

add_filter( 'category_template', function ( $template ) {
    $mzazi = get_category_by_slug( 'mashairi' );
    $sasa  = get_queried_object();
    if ( $mzazi && cat_is_ancestor_of( $mzazi, $sasa ) ) {
        $faili = locate_template( 'category-mashairi.php' );
        if ( $faili ) {
            return $faili;
        }
    }
    return $template;
} );

Kwa namna kilivyoandikwa, kichujio hiki kitaishinda hata category-tenzi.php ukija kuiunda baadaye. Siku hiyo ikifika, ipe locate_template orodha ya majina mawili, ukianza na lile linalotungwa kwa jina la anwani la kategoria iliyofunguliwa, yaani 'category-' . $sasa->slug . '.php', na faili ya kwanza kupatikana ndiyo itakayochukuliwa.

Swali: Nina kategoria ya istilahi za fasihi na ningependa zipangwe kwa alfabeti. Tahakiki nazo ningependa zipangwe kwa mwaka wa kuchapishwa kitabu, ambao nimeuhifadhi kwenye sehemu ya taarifa maalumu ya kila makala.

Jibu: La alfabeti ni jepesi. Katika pre_get_posts weka orderby iwe title na order iwe ASC. Kishawishi cha kuweka posts_per_page iwe -1 ili istilahi zote zikae pamoja kinaeleweka, na kwa istilahi chache hakina madhara. Zikifika mamia, ukurasa utakuwa mzito na ni afadhali ugawanye.

La mwaka lina mtego. Ukiweka meta_key ya mwaka na orderby iwe meta_value_num, mpangilio utakuwa sahihi, lakini makala yoyote isiyo na taarifa hiyo itatoweka kabisa kwenye orodha badala ya kusogezwa mwisho, kwa sababu kigezo cha meta_key huzichagua zile tu zenye taarifa hiyo. Kabla ya kuuwasha mpangilio huo, pitia tahakiki za zamani uhakikishe kila moja imejazwa mwaka.

Swali: Nimeibandika tahakiki moja ibaki juu, na kwenye ukurasa wa mwanzo inabaki juu kweli, ila kwenye ukurasa wa kategoria yake imezama katikati ya nyingine.

Jibu: Ubandikaji wa WordPress huheshimiwa kwenye ukurasa mkuu wa blogu peke yake. Kwenye kategoria makala hiyo huonekana mahali pake kwa tarehe. Hapa ndipo ulizo la pili linapokuwa na haki ya kuwepo, kwa kuwa linaongeza kitu juu ya ulizo kuu bila kulipokonya kazi yake.

Juu ya kitanzi cha category-tahakiki.php, na kwenye ukurasa wa kwanza tu, chukua orodha ya makala zilizobandikwa kwa get_option( 'sticky_posts' ), kisha uunde WP_Query yenye post__in ikiwa na orodha hiyo na cat ikiwa na get_queried_object_id, kwa sababu orodha ya zilizobandikwa ni ya blogu nzima na bila kutaja kategoria utaleta shairi katikati ya tahakiki. Baada ya kitanzi hicho ita wp_reset_postdata. Ili makala isijirudie chini, katika pre_get_posts weka orodha hiyohiyo kwenye post__not_in, lakini sasa sharti la ukurasa wa kwanza usiliweke, maana makala iliyoondolewa ukurasa wa kwanza na kuachwa wa pili huvuruga hesabu ya kurasa.

Kabla ya kuunda WP_Query hiyo, hakikisha orodha si tupu. Ukiipa post__in orodha tupu, WordPress haikupi majibu matupu kama unavyotarajia, bali hukipuuza kigezo chote na kukuletea makala za kawaida za kategoria. Siku utakapoibandua tahakiki yako, ukurasa utaanza kuonyesha makala nyingi za kategoria juu kana kwamba zote zimebandikwa.

Swali: Je, naweza kuondoa neno category kwenye anwani za kurasa hizi? Naona linaharibu sura ya kiungo.

Jibu: Kulibadilisha ni rahisi, kuliondoa kabisa ni jambo jingine. Kwenye Mipangilio, sehemu ya viungo vya kudumu, kuna nafasi ya kuandika neno mbadala la msingi wa kategoria, kwa mfano mada, na viungo vyote vya kategoria vitafuata. Kuliondoa kabisa kunahitaji programu-jalizi au kanuni zako mwenyewe za anwani, na tatizo huanza pale unapokuwa na ukurasa wa kawaida wenye jina la mashairi na kategoria yenye jina hilohilo: anwani ni moja, madai ni mawili, na mmoja wao hataonekana.

Hata ukibadilisha tu, kumbuka kwamba WordPress huhifadhi jina la zamani la makala iliyobadilishwa anwani na kumpeleka msomaji mahali papya, lakini haifanyi hivyo kwa kategoria. Viungo vya zamani vilivyotapakaa kwenye tovuti nyingine vitaishia kwenye 404 usipoweka uelekezaji wa kudumu wa aina ya 301 kwenye seva au kupitia programu-jalizi. Kwa blogu mpya, fanya badiliko hilo leo kabla hujachapisha mengi. Kwa blogu yenye miaka kadhaa, mimi ningeliacha neno hilo lilipo.